Namna ya Kupanga Upya Muundo wa Serikali Kuu

Mwongozo huu unamlenga mtumishi wa umma aliyeteuliwa kuingia kwenye kikosi kazi cha kupitia muundo wa serikali, pamoja na mbunge, mwandishi wa habari au mwananchi yeyote anayetaka kujua mapendekezo ya kikosi kama hicho yapimwe kwa vigezo gani. Mifano mingi imetoka Tanzania, kwa sababu nchi hii imejaribu karibu kila aina ya mabadiliko: imefuta serikali za mitaa na kuzirudisha, imeanzisha wakala na kuunganisha mifuko, imeunganisha wizara na kuzigawa tena. Kenya na Uganda zinaingia pale ambapo zina la kufundisha zaidi.

Msimamo wa mwongozo ni kwamba taasisi ya serikali ina sehemu nne: mamlaka iliyopewa na sheria, fungu la fedha, watumishi, na kumbukumbu zake. Mabadiliko ya muundo huwa yamefanyika kweli pale sehemu zote nne zinapohama pamoja, kutoka kwa aliyekuwa nazo kwenda kwa anayezipokea. Jina la wizara, kibao cha getini na mchoro wa vyeo ni mambo ya kumalizia.

Mfano ulio wazi ni wa Ujenzi na Uchukuzi. Desemba 2015 Rais John Magufuli aliziweka sekta za ujenzi, uchukuzi na mawasiliano katika wizara moja yenye waziri mmoja. Hata hivyo, kwenye vitabu vya bajeti ujenzi uliendelea kuwa Fungu 98 na uchukuzi Fungu 62, na kila sekta ikaendelea kuwa na Katibu Mkuu wake. Rais Samia Suluhu Hassan alipozitenganisha Agosti 2023 kuwa Wizara ya Ujenzi na Wizara ya Uchukuzi, sehemu kubwa ya kazi ya kutenganisha haikuwepo, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo kilichokuwa kimeunganishwa hasa ni kiti cha waziri. Kuwa na waziri mmoja kwa barabara, reli na bandari kuna faida zake, kwani anaweza kuamua kwa pamoja mzigo upite wapi. Lakini anayetetea muunganiko wa aina hiyo kwa hoja ya kubana matumizi anapaswa kuulizwa: je, idara za uhasibu, ugavi, sheria na utumishi zimeunganishwa pia? Kama bado zipo mbili mbili, akiba aliyoiahidi haitapatikana.

Anza na tatizo, acha mchoro

Kosa la kwanza la vikosi kazi vingi ni kufungua kikao kwa kuchora visanduku. Kabla ya mchoro wowote, andikeni aya moja inayoeleza tatizo bila kutaja jina la taasisi hata moja. Aya hiyo iseme ni jukumu gani halifanyiki, lipi linafanywa na watu wawili, au lipi halina mtu wa kuwajibishwa linapoharibika. Ikiwa hamwezi kuiandika aya hiyo, hamna bado sababu ya kugusa muundo. Huenda tatizo ni fedha, ni uongozi, au ni kanuni iliyopitwa na wakati, na hayo yana tiba nyepesi zaidi kuliko kuvunja taasisi.

Tazama suala la udhibiti wa chakula. Kwa miaka mingi Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilisimamia usalama wa chakula, dawa, vipodozi na vifaa tiba chini ya sheria ya mwaka 2003, huku Shirika la Viwango, TBS, likisimamia ubora wa bidhaa hizo hizo za chakula kwa mujibu wa sheria yake. Msindikaji wa juisi alijikuta akiwa na wakaguzi wawili, maombi mawili na ada mbili kwa chupa moja. Tatizo hapo liliandikika kwa ufupi: jukumu moja, wadhibiti wawili, gharama kwa mzalishaji. Tiba yake nayo haikuhitaji taasisi mpya. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia chakula na vipodozi TBS kuanzia Julai 1 mwaka huo, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA.

Aya ya tatizo inasaidia pia kuona kile ambacho tiba haitagusa. Chakula hakiishii kiwandani. Kinauzwa kwenye magenge na migahawa ya wilaya zote, ambako mkaguzi aliye karibu ni afisa afya wa halmashauri, na afisa huyo hayuko chini ya TBS wala hapangiwi kazi na wizara inayosimamia viwanda. Kwa hiyo kikosi kinachopendekeza uhamisho wa namna hii lazima kijibu, kabla sheria haijapelekwa bungeni, nani atakagua duka la kijijini, kwa mamlaka aliyokasimiwa na nani, na ada anayoitoza itaingia akaunti gani.

Fuatilia kazi mahali inapofanyika

Hatua inayofuata ni kuorodhesha majukumu yote ya eneo linalopitiwa. Kwa Tanzania, pa kuanzia ni hati ya Rais ya mgawanyo wa majukumu ya mawaziri, inayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Baada ya hapo pitieni sheria za kila taasisi na miundo iliyoidhinishwa. Kwa kila jukumu andikeni mambo matano: sheria inayolitaja, ofisi iliyopewa, ofisi inayolifanya kwa uhalisia, kifungu cha bajeti kinacholigharimia, na mtu anayepokea huduma. Safu ya pili na ya tatu mara nyingi hazitafanana, na hapo ndipo penye habari.

Safu ya tatu haijazwi kwa dodoso. Wakurugenzi wakiulizwa wanafanya nini, watanukuu muundo ulioidhinishwa. Nendeni masijala, ombeni majalada kumi yaliyofungwa ya kibali cha aina moja, kisha someni folio (karatasi zenye namba ndani ya jalada) moja baada ya nyingine. Barua ya mwombaji ina mhuri wa tarehe ya kupokelewa. Inafuata dokezo la afisa kwenda kwa mkuu wa sehemu, la mkuu wa sehemu kwenda kwa mkurugenzi, halafu barua ya kuomba maoni ya taasisi nyingine, jibu la taasisi hiyo, na hatimaye dokezo kwa Katibu Mkuu. Andikeni pembeni idadi ya siku kati ya sahihi moja na inayofuata. Ikiwa jalada limekaa muda mrefu zaidi likisubiri maoni ya taasisi ya nje, na maoni hayo kila mara yanasema "hatuna pingamizi", mmepata jukumu la kufuta bila kufuta taasisi yoyote. Ikiwa limekaa kwa mkurugenzi yule yule katika majalada yote kumi, tatizo ni madaraka ambayo hayakukasimiwa, na mchoro mpya hautalitatua. Mahali ambako shughuli zimehamia kwenye mifumo ya kompyuta, zoezi ni lile lile: ombeni kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha nani alifungua ombi lini na kulipeleka kwa nani.

Zoezi kama hilo lifanyike pia upande wa chini kabisa, kwa mtu anayepokea maelekezo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ni mfano mzuri wa namna muundo unavyoonekana ukiutazama kutoka chini. Mitaala na nyaraka za elimu zinatoka Wizara ya Elimu. Shule yenyewe na watumishi wake wako chini ya mkurugenzi wa halmashauri, ambaye yuko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Masuala ya nidhamu na kupandishwa vyeo kwa walimu yanapitia Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mkuu wa wilaya naye anaweza kufika asubuhi yoyote na agizo kuhusu madarasa au utoro. Kila ofisi ina hoja yake ya kuwepo, lakini mtu mmoja analazimika kupatanisha maelekezo ambayo walioyatoa hawakuyapatanisha. Mtu huyo hayumo kwenye kikosi kazi chenu, na hatakuwemo. Mfuateni.

Kuamua umbo

Mkishajua tatizo na kazi inavyokwenda, umbo la taasisi huchaguliwa kwa kuangalia tabia ya jukumu. Utungaji wa sera, maandalizi ya sheria na maamuzi yanayogusa haki za raia wote hubaki wizarani, chini ya waziri anayejibu bungeni. Kazi ya huduma inayopimika, yenye wateja wanaojulikana na pengine mapato yake, inaweza kupewa wakala. Jukumu linalohitaji kuamua kati ya serikali na sekta binafsi, kama kupanga bei za nishati na maji, linahitaji mdhibiti mwenye umbali fulani kutoka kwa waziri. Huduma ambayo mahitaji yake yanatofautiana kati ya eneo na eneo ni ya serikali za mitaa.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Wakala za Serikali mwaka 1997 kwa mantiki hiyo. Wizara ilitakiwa ibaki na sera, na utekelezaji uende kwa mtendaji mkuu mwenye mkataba wa matokeo. TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, ni miongoni mwa zilizotumia vizuri uhuru huo, kwa sababu barabara kuu ni mtandao wa taifa, kazi yake ni ya kihandisi, na Mfuko wa Barabara una chanzo cha fedha cha kudumu. TARURA ilipoanzishwa Julai 2017 ili ichukue barabara za vijijini na mijini zilizokuwa chini ya halmashauri, sababu za kitaalamu zilikuwepo: wahandisi walikuwa wachache na wametawanyika. Lakini madiwani wakalalamika, na wabunge wakalisema bungeni mara kwa mara, kwamba mwananchi anamuuliza diwani kuhusu daraja lililosombwa na maji ilhali diwani hana tena kauli juu ya daraja hilo. Malalamiko hayo yanaonyesha gharama isiyoonekana kwenye hesabu za ufanisi. Jukumu linapotoka kwenye chombo cha kuchaguliwa kwenda kwa wakala, elezeni kwa maandishi mpango wa matengenezo utajadiliwa katika kikao gani cha wawakilishi wa wananchi, na wakala atalazimika kujibu nini pale.

Uhuru wa wakala una upande wa pili: kila taasisi mpya inakuja na bodi, mtendaji mkuu, magari, jengo na mkaguzi wa ndani. Baada ya miongo miwili ya kuanzisha, serikali ilijikuta inarudi kukusanya. Desemba 2023 ilitangaza kuunganisha taasisi 16 na kufuta 4. Uganda imepita njia hiyo kwa mshtuko zaidi. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2021 kurudisha wakala na mamlaka nyingi wizarani, lakini sheria zenyewe zilifika bungeni kwa wingi mwaka 2024, na mjadala wa kurudisha Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa katika Wizara ya Kilimo uliishia kwa wabunge kurushiana makonde ukumbini mwezi Novemba. Wakulima na wafanyabiashara wa kahawa walikuwa na swali la msingi kabisa: nani atathibitisha ubora wa kahawa yetu mbele ya mnunuzi wa nje? Swali la namna hiyo lipewe jibu kwenye mapendekezo ya kwanza.

Somo la Madaraka Mikoani

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hakuna mabadiliko ya muundo yaliyogusa maisha ya Watanzania kwa upana kama haya. Kuanzia mwaka 1972 serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilitekeleza mpango wa Madaraka Mikoani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuyashusha madaraka kutoka Dar es Salaam hadi mikoani na wilayani, karibu na wananchi. Halmashauri za wilaya zilifutwa, za miji zikafuata, na kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Maafisa walishuka kweli, tena wengine wenye elimu nzuri na bajeti kubwa kuliko halmashauri zilizotangulia. Kilichopotea ni kule kujibu kwa wananchi: mtendaji aliyeteuliwa alijibu juu, na kamati za wananchi zilibaki kushauri. Huduma za miji zilidorora kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za Serikali za Mitaa zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikarejea mwaka 1984.

Miaka kumi na zaidi ilikuwa imepita. Madiwani wenye uzoefu walikuwa wamezeeka au wameondoka, vyanzo vya mapato vilikuwa vimesahaulika, na utaratibu wa kukusanya na kukagua ulibidi ujengwe upya. Programu za maboresho ya serikali za mitaa za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea zilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kujenga tena kile kilichovunjwa. Kwa kikosi kazi, somo lina pande mbili. Kwanza, kupeleka ofisi karibu na wananchi na kupeleka madaraka kwa wananchi ni mambo mawili tofauti, na kipimo chake ni kuuliza nani anaidhinisha matumizi na nani anaweza kumwondoa. Pili, kufuta chombo huchukua siku moja, ilhali kukirudisha huchukua kizazi. Kwa hiyo pendekezo la kufuta lidai ushahidi mzito kuliko pendekezo la kurekebisha.

Sheria: nani anaweza kubadili nini

Ibara ya 36 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa Rais madaraka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka katika utumishi wa serikali. Ndiyo maana wizara zinaweza kuunganishwa au kugawanywa bila muswada. Lakini tangazo la Ikulu pekee halihamishi majukumu yote. Baraza la kwanza la mawaziri la Magufuli lilitangazwa Desemba 2015, na hati ya mgawanyo wa majukumu ikatoka kwa Tangazo la Serikali Na. 144 la Aprili 22, 2016. Katika kipindi cha namna hiyo watumishi hufanya kazi kwa kukisia mipaka yao, na mwanasheria wa mtu aliyenyimwa leseni anaweza kuuliza kwa haki kabisa ni waziri yupi aliyekuwa na mamlaka ya kuinyima. Pendekezo zuri linapelekwa kwa mamlaka ya uteuzi likiwa na rasimu ya hati hiyo, ili vitoke pamoja.

Taasisi iliyoundwa na Sheria ya Bunge haiguswi kwa hati. Inahitaji muswada, na sehemu muhimu zaidi ya muswada huo ni masharti ya mpito. Masharti hayo yaseme mali zinakwenda kwa nani, madeni yanalipwa na nani, mikataba inayoendelea inasimamiwa na nani, kesi zilizoko mahakamani zitaendelea kwa jina gani, leseni zilizotolewa zitadumu hadi lini, na ajira za watumishi zinahamaje. Wasomaji wengi huruka kurasa hizo, ilhali mwananchi ataguswa na hizo kabla ya nyingine zote. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipovunjwa Mei 15, 2017 na majukumu yake kupelekwa Manispaa ya Dodoma, jambo lililowagusa wakazi lilikuwa viwanja vyao: mikataba yao ingetambuliwa vipi, na faili zao zingekuwa wapi.

Upande wa Muungano unadai uangalifu wa pekee. Mambo ya Muungano yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, na yasiyomo humo yanasimamiwa Zanzibar na Serikali ya Mapinduzi. Wizara moja inaweza kubeba yote mawili: elimu ya juu ni jambo la Muungano, elimu ya msingi na sekondari si la Muungano, na zote kwa Bara zimo katika wizara moja. Kila idara kwenye mchoro mpya iwekewe alama inayoonyesha mipaka yake ya kazi, na Zanzibar ishirikishwe mapema pale ambapo mpaka huo unasogea.

Kenya iliweka ukomo ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 152 ya Katiba ya 2010 inataka mawaziri wasiopungua 14 na wasiozidi 22. Shinikizo la nafasi likahamia kwenye ngazi nyingine: Rais William Ruto aliteua Makatibu Waandamizi 50 wa kuwasaidia mawaziri, na Julai 2023 Mahakama Kuu ikatamka kuwa uteuzi huo ulikiuka Katiba. Ukomo wa idadi una manufaa, lakini ufikiriwe pamoja na ngazi iliyo chini yake.

Fedha na tarehe

Mwaka wa fedha Tanzania unaanza Julai 1, na hiyo ndiyo tarehe inayofaa zaidi kwa mabadiliko kuanza. Kazi ya kisheria na ya ikama (orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa) ikamilike kabla bajeti haijasomwa, ili taasisi mpya iingie na fungu lake, vifungu vyake na Afisa Masuuli (mtendaji anayewajibika kwa matumizi ya fedha za fungu) aliyeteuliwa kwa maandishi. Mabadiliko ya katikati ya mwaka yanawezekana, ila fedha zilizoidhinishwa na Bunge kwa fungu moja hazihami kwa barua ya katibu mkuu. Kuna taratibu za uhamisho ambazo Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 inazisimamia, na wakati zinafuatwa wazabuni wanasubiri malipo. Hesabu za gharama zioneshe pande zote: akiba inayotegemewa, na pia gharama ya kuhama, kulipa stahili, kubadili mifumo na kukodi ofisi. Ripoti inayotaja akiba peke yake irudishwe.

Watumishi

Orodha ya watumishi iandaliwe kwa majina, vyeo, madaraja na mishahara binafsi, kisha ilinganishwe na ikama mpya nafasi kwa nafasi. Taasisi mbili zinapoungana, mishahara na marupurupu hayatalingana, na kulinganisha kwenda juu kuna gharama ambayo Hazina itaiuliza siku ya kwanza. Nafasi za wakurugenzi zishindaniwe kwa vigezo vilivyotangazwa. Vyama vya wafanyakazi na mabaraza ya wafanyakazi vipewe rasimu mapema, kwa kuwa mtumishi asiyejua hatima yake huanza kutafuta uhamisho, na anayefanikiwa kuupata kwanza ni yule ambaye taasisi ingependa abaki.

Muunganiko wa mifuko ya pensheni mwaka 2018 unafundisha jambo jingine. Mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, ikaanza kazi Agosti 2018, na sekta binafsi ikaachiwa NSSF. Kama suala la muundo, hoja ilikuwa na nguvu: menejimenti nne zilikuwa zinagombea wanachama wale wale. Lakini kanuni zilizofuata zilibadili pia kikokotoo cha mafao, na kwa wengi waliozoea kulipwa nusu kwa mkupuo, kiwango kikashuka hadi asilimia 25. Watumishi hawakuzungumza tena juu ya muundo. Walizungumza juu ya kikokotoo. Desemba 28, 2018 Rais Magufuli aliagiza kanuni hizo zisimame hadi mwaka 2023, na kiwango cha asilimia 33 kikaanza Julai 2022. Mabadiliko ya muundo na mabadiliko ya stahili za watu yatenganishwe, yawe na miswada yake, mijadala yake na tarehe zake. Mkiyafunga pamoja, la pili litalimeza la kwanza.

Kenya nayo ilijifunza kwa njia ngumu kuhusu kasi. Katiba ilitoa hadi miaka 3 ya mpito wa kuhamishia majukumu kwenye kaunti 47, lakini huduma za afya zilihamishwa Agosti 2013, miezi mitano tu baada ya uchaguzi uliozaa serikali za kaunti. Migogoro kuhusu mishahara ya wahudumu wa afya, vyeo vyao na mwajiri wao halali ikafuata kwa miaka.

Kumbukumbu na siku ya kwanza

Majalada yakabidhiwe kwa hati, kila jalada likiwa na namba, ofisi inayotoa na ofisi inayopokea, kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Majalada yasiyotumika yapelekwe kwenye kituo cha kumbukumbu. Yasiachwe kwenye korido ya jengo lililohamwa. Mifumo ya kompyuta ipewe mwenyewe mmoja kwa maandishi, pamoja na nywila za wasimamizi wake na mkataba wa matengenezo.

Kisha chukueni huduma tano zinazotumiwa na watu wengi zaidi na mzijaribu moja moja kabla ya tarehe ya kuanza, kama mwananchi angezifanya. Je, mfumo unatoa kontroli namba kwa jina la taasisi mpya, na fedha zinaingia kwenye akaunti sahihi? Mhuri mpya upo? Afisa wa mkoani ana barua inayompa mamlaka ya kutia sahihi? Cheti kilichotolewa na taasisi ya zamani kikipelekwa benki au bandarini wiki ijayo kitakubaliwa, na nani ameziandikia benki na bandari kuzijulisha? Tangazo kwa umma lijibu maswali haya kwa Kiswahili cha kawaida, libandikwe kwenye mlango wa ofisi ya zamani, na namba ya simu iliyotajwa iwe na mtu wa kuipokea.

Miezi 12 baadaye, mtu ambaye hakuwa mjumbe wa kikosi kazi apewe ile aya ya tatizo iliyoandikwa mwanzoni. Afungue majalada kumi mapya ya kibali kile kile, ahesabu siku kati ya sahihi na sahihi, alinganishe matumizi halisi na makadirio ya akiba, na ataje majukumu ambayo bado yanafanywa na ofisi mbili au hayana ofisi. Ripoti yake iende kwa Katibu Mkuu Kiongozi na kwa kamati ya Bunge inayohusika, na nakala yake iwekwe kwenye tovuti ya wizara pamoja na mchoro wa muundo mpya, ili mwananchi aliyeambiwa kwamba mabadiliko yatampunguzia safari na ada aweze kuona kama ndivyo ilivyokuwa.